Mkalimani Akichelewa, Reli Inaanguka

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mchana kwenye mkutano wetu wa watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta unaokaa badala ya Windows, Dar es Salaam. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao mvua iliwakwamisha Jangwani. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa nzuri hata hivyo.

Ndugu zangu, kaka zangu, dada zangu, na wewe mzee wangu uliyeketi pale nyuma karibu na feni, shikamoo. Nimepewa dakika arobaini. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana ameishika saa mkononi.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kuambiwa, "Linux nzuri, lakini haichezi magemu"? Nyoosheni mikono. Naona ukumbi mzima. Haya, nani humu ndani aliwahi kuyasema maneno hayo yeye mwenyewe? Mikono imepungua ghafla! Wangu bado uko juu. Niliyasema kwa miaka, na niliyasema kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayesimulia sinema ambayo hajaitazama.

Leo nimewaletea gemu moja tu. Sikuja na orodha ya magemu mia, hiyo mtaipata wenyewe. Gemu moja, kwa sababu hilo moja lilinifundisha Wine, ile programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, ni kitu gani kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Linaitwa Beat Hazard.

Lilitengenezwa Uingereza na Cold Beam Games, ambayo ukiisikia jina utadhani ni ghorofa lenye wafanyakazi, kumbe ni kazi ya mtu mmoja, Steve Hunt. Lilitoka kwanza kwenye Xbox 360 mwaka 2009, na mwaka uliofuata likafika kwenye Windows kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni. Nakala yangu ni hiyo ya Windows, na ndiyo ninayoizungumzia.

Ukilitazama kwa mbali utasema hili nalijua. Kuna kichombo chako katikati ya anga, kuna mawe yanaelea, kuna meli za adui zinakujia. Mkono mmoja unaendesha, mwingine unalenga. Ni mjukuu wa Asteroids, ile mashine ya Atari ya mwaka 1979 iliyokuwa ikimeza sarafu za watu. Mpaka hapo hakuna jipya.

Lakini kabla halijaanza, gemu hili linakuuliza: wimbo gani? Wimbo wako wewe, ulioko kwenye folda yako. Unachagua. Wimbo ukianza, vita vimeanza. Wimbo ukiisha na wewe bado uko hai, ngwe umeimaliza. Na bunduki? Bunduki ndiyo wimbo wenyewe! Muziki ukipanda, risasi zinakuwa nene, zinatawanyika skrini nzima kama cheche za fundi wa kuchomelea. Muziki ukitulia, unabaki unarusha vijiti vya kiberiti. Meli za adui ukizilipua zinadondosha vitu vya kuokota, vingine vya kuongeza nguvu na vingine vya kuongeza sauti. Yaani sauti ya muziki yenyewe unaitafuta vitani.

Hapa nisimame kidogo. Mwanga wa gemu hili unawaka na kuzima kwa kasi sana. Linaanza kwa onyo la kifafa, na onyo lile halikuwekwa kwa mapambo. Kama una kifafa kinachoamshwa na mwanga, au mwanao anacho, usiliguse. Na leo nitakapolionyesha, asiyependa atazame dirishani, hakuna atakayemcheka.

Sasa, muziki na bunduki havikuanza kufahamiana mwaka 2009. Kumbukeni Space Invaders ya Japani, mwaka 1978, ya Tomohiro Nishikado. Noti nne nzito zinarudiarudia, na adui wakikaribia zinakwenda mbio, nawe moyo unakwenda mbio nazo. Na mnajua kwa nini adui wenyewe walikuwa wanaongeza kasi? Prosesa ya siku zile ilikuwa inahema kuwachora wote. Kila ukimuua mmoja, kazi inapungua, waliobaki wanakimbia zaidi. Ulemavu wa mashine ukageuka kuwa utamu. Mwaka 2001 Tetsuya Mizuguchi na wenzake wakatoa Rez, ambamo kila risasi yako inasogezwa iangukie kwenye mdundo, kwa hiyo ukipiga unatengeneza muziki. Beat Hazard linafanya kinyume: muziki ndio unaotengeneza risasi. Shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo itakayotupeleka kwenye shida.

Lakini kwanza niwasimulie habari ya shangazi yangu.

Shangazi yangu ni mtu wa taarabu, ile ya fidla, udi na qanuni, siyo hii ya kinanda. Siku moja yuko sebuleni anachambua mchele, mimi nimefungua gemu, nikasema ngoja nimfurahishe. Nikamchagulia wimbo wake mmoja mrefu. Ukaanza. Qanuni inadondoka taratibu, fidla zinaitikia, na chombo changu kinatema vijiti vya kiberiti. Adui wamejaa. Nakimbia tu, kushoto, kulia, kama kuku aliyeona kisu.

Shangazi akanyanyua kichwa. "Mwanangu, mbona chombo chako hakipigi?"

"Shangazi, wimbo bado haujaanza."

Akaliweka ungo chini. "Haujaanza? Umeanza zamani! Huo ndio wimbo. Mwimbaji yeye anakuja kumalizia."

Nikamweleza kwamba gemu linapima nguvu ya sauti. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe mashine yako haisikilizi. Inashtuka tu." Akarudi kwenye mchele wake.

Haisikilizi, inashtuka tu. Nimesoma maelezo mengi ya jinsi kompyuta inavyochanganua sauti, inavyoigawanya kwa masafa, besi huku na nyembamba kule, inavyopima kila fungu lina nguvu kiasi gani. Sijaona aliyeeleza kwa maneno machache kuliko shangazi.

Wiki ileile mtoto wa jirani akaja na flashi yake ya singeli. Mnaijua singeli, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, hakuna aliyeleta kiti. Bunduki ikafunguka sekunde ya kwanza ikabaki wazi mpaka mwisho. Dogo anapiga kelele, mimi napiga makofi, na kusema kweli baada ya wimbo wa pili nikachoka, kwa sababu hakukuwa na kusubiri. Nilipopata raha yangu ni kwenye muziki wa dansi, zile nyimbo ambazo nusu ya kwanza watu wanaimba wametulia, wanalalamikia mapenzi, halafu gitaa linageuka na sebene linaingia. Jamani! Dakika tatu umejificha kwenye kona unaomba sebene lifike, na linapofika skrini nzima inafunguka. Hakuna mtengeneza gemu aliyewafikiria wanamuziki wetu wa dansi alipokaa Uingereza kuandika programu ile. Lakini ukiweka sebene mle, utadhani lilitengenezwa Sinza.

Tulikuwa tunazungumzia Linux. Nimesahau? Sijasahau. Haya yote niliyoyasema yalitokea kwenye Linux. Gemu ni la Windows, faili yake inaishia na exe, na kompyuta haina Windows. Inawezekanaje?

Mdogo wake babu yangu alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, ilipokuwa inajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Alikuwa kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule kwenye milima na mahandaki. Alikuwa anapenda kutusimulia habari ya kubeba reli. Reli haibebwi na mtu mmoja. Wanajipanga Wachina na Waswahili, na lazima wainue pamoja. Kiongozi Mchina anatoa amri, mkalimani anaigeuza kwa Kiswahili, watu wanainua. Si ndivyo? Sivyo! Mchina akishasema, Wachina wameshainua. Huku kwetu mkalimani ndiyo kwanza anameza mate. Chuma kimeinama upande mmoja, kinateleza. Babu aliondoka na ukucha wa dole gumba umebaki kule.

Mkalimani alikosea neno? Hakukosea. Tafsiri yake ilikuwa sahihi kabisa. Ila ilichelewa.

Dawa yake ilikuwa nini? Vibarua walijifunza kuhesabu Kichina. Yi, er, san, inua! Mpaka uzee wake babu alikuwa akinyanyua gunia la mpunga utamsikia, yi, er, san. Mkalimani akaachiwa mambo mengine: mshahara, ruhusa, nani anaumwa, chakula hakitoshi.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo Wine. Nilipoielewa hadithi ya babu ndipo nilipoielewa Wine.

Wengi wetu tunadhani Wine ni kompyuta ya bandia, kwamba ndani ya Linux kuna Windows ya kuigiza inayoikokota gemu lako polepole. Jina lenyewe linakataa: ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayosema Wine si emuleta. Programu ya Windows na programu ya Linux, zikiwa juu ya prosesa ileile ya Intel au AMD, zinahesabu kwa lugha moja. Jumlisha, toa, hamisha, ruka. Hizo ndizo yi, er, san. Hapo hakuna mkalimani, prosesa inazipokea moja kwa moja, kwa kasi yake yote. Mkalimani anaitwa pale programu inapomwomba mwenye nyumba kitu: nifungulie faili hii, nipe dirisha, nichoree pembetatu elfu kumi, nipigie sauti hii. Programu inaomba kwa Kiwindows. Wine inapokea, inaligeuza ombi kwa namna Linux inavyoelewa, inarudisha jibu kwa Kiwindows. Programu haijui kama imehama nyumba.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, kwa ajili ya programu za Windows 3.1. Bob Amstadt ndiye aliyeiratibu mwanzo, na mwaka 1994 Alexandre Julliard akaipokea. Toleo la 1.0 lilitoka lini? Juni 2008. Miaka 15! Kuna watu humu ndani hawajafikisha miaka ya kutosha kuelewa miaka 15 ni nini. Na kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa sababu hawakuruhusiwa kuchungulia. Msimbo wa Microsoft hawana. Wanachofanya ni kuandika vijaribio vidogovidogo, wanaviendesha kwenye Windows halisi, wanaona imejibu nini, halafu Wine nayo lazima ijibu vilevile. Na kama Windows inajibu kwa kukosea, Wine nayo ikosee vilevile, kwa sababu kuna programu huko duniani zimeshalizoea lile kosa na zinalitegemea. Unaona kazi hiyo? Mkalimani anatafsiri mpaka kigugumizi.

Mpwa wangu ana kompyuta iliyoshindwa kupokea Windows 11, na Windows 10 mnajua msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikamwekea Linux Mint, mojawapo ya Linux zilizo rahisi, pamoja na Wine. Baada ya siku mbili akanipigia, sauti ya mtu aliyekamata mwizi. "Mjomba, umeficha Windows humu ndani!" Alikuwa amefungua folda iliyofichwa inayoitwa .wine, akakuta drive_c, ndani yake kuna Program Files, kuna windows, kuna system32, kila kitu mahali pake. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni nyumba iliyopangwa fenicha kama ya kwao ili mgeni asishtuke. Hata rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows, ipo, ila ni faili za maandishi ya kawaida, unazisoma kwa kihariri chochote. Ukiharibu, unaifuta folda nzima na Wine inajenga nyingine. Jaribuni kufanya hivyo kwenye Windows!

Kwa upande wa picha, mkalimani mkuu siku hizi ni DXVK, iliyoandikwa na Philip Rebohle kwa sababu ya kawaida kabisa: kulikuwa na gemu moja alitaka kulicheza. Inageuza maombi ya Direct3D, lugha ya Windows ya kuchora picha, kuwa Vulkan, lugha ambayo kadi za picha za leo zinaisikia vizuri kwenye Linux. Tarehe 21 Agosti 2018 Valve, wenye Steam, wakaifunga pamoja na Wine na vikorokoro vingine, wakaiita Proton, wakaiweka ndani ya Steam. Siku hiyo magemu waliyoyathibitisha yalikuwa 27. Leo kuna mashine nzima ya mkononi, Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, inayoishi kwa kazi hiyo. Wengi wanaoicheza hata hawajui kwamba wameshika Linux.

Sasa nirudi kwenye bunduki yangu. Mnakumbuka? Muziki ndio unaotengeneza risasi.

Gemu la kawaida, sauti ikichelewa kidogo, nani anajali? Umepiga risasi, mlio umekuja baadaye kidogo, maisha yanaendelea. Kwenye Beat Hazard hilo haliwezekani. Gemu linasoma wimbo, linapima, linafyatua, na wakati huohuo linautuma wimbo uende kwenye spika. Picha ina njia yake fupi. Sauti ina safari. Inatoka kwa gemu, inapokelewa na Wine, inakabidhiwa PulseAudio au PipeWire, wagawaji wa sauti wa Linux, inashuka kwa ALSA, anayezungumza na vifaa vya sauti, inafika kwenye kadi ya sauti, ndipo spika. Na kila kituo kina tangi lake la kuwekea sauti inayosubiri.

Nani hapa anaishi bila simtanki? Hakuna. Tunajua mgao. Maji ya bomba yanakuja yanakatika, lakini ukiwa na tangi, jikoni hukatiki. Tangi likiwa dogo, bomba likisitasita kidogo tu, unasikia hewa inakohoa kwenye mfereji. Ile kohokoho mnayoisikia kwenye spika mnapoendesha gemu chini ya Wine, ile krr-krr, ndiyo hiyo: tangi limekauka kabla mletaji hajafika. Mnalaumu kadi ya sauti, kumbe ni ukubwa wa tangi.

Basi niliongeze tangi liwe kubwa kama nyumba? Fikiri vizuri. Tangi kubwa, maji unayokunywa leo ni ya juzi. Sauti ya kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Tangi la sampuli 1,024 linabeba milisekunde 23 hivi. Skrini yako inachora mara 60 kwa sekunde, kila picha kama milisekunde 17. Kwa hiyo tangi dogo lile ni kuchelewa picha moja na kidogo, jicho halijui. Weka tangi la mara nne, umechelewa picha tano au sita. Lirudie kwenye vituo vitatu. Sasa bunduki inafunguka, halafu ngoma ndiyo inalia. Umerudi Mlimba, ndugu yangu. Reli iko hewani na mkalimani anameza mate.

Kwangu namba iliyofanya kazi ni milisekunde 60. Andikeni: PULSE_LATENCY_MSEC=60, mbele ya amri ya wine mnapoanzisha gemu. Kwenye Steam mnaiweka kwenye sehemu ya vigezo vya kuanzishia gemu, hivi: PULSE_LATENCY_MSEC=60 %command%. Kohokoho ikibaki, pandisha mpaka 90. Ngoma ikianza kuchelewa, shusha. Hakuna namba takatifu. Kila nyumba na presha yake ya maji.

Sasa niwaambie aibu yangu, maana mwenyekiti anaijua na nisiposema mimi atasema yeye.

Wiki mbili. Wiki mbili nzima nilihangaika na gemu hili kwa sababu risasi zilikuwa zinatangulia mdundo. Siyo kidogo, vibaya sana, kama mcheza ngoma aliyelewa. Nikashusha tangi, bado. Nikabadilisha toleo la Wine, bado. Nikafuta folda ya .wine nikaijenga upya, bado. Nikajaribu Proton tatu tofauti. Nikaandika malalamiko marefu, ya kuuma, nikawa nimekaribia kuyatuma kwa watengenezaji wa Wine na kuwaambia kwamba kazi yao ya miaka thelathini haina maana kwa mpenda muziki.

Usiku mmoja mpwa wangu akalala, nikaogopa kumwamsha. Nikaizima spika, nikavaa hedifoni za waya.

Ikakaa sawa. Mdundo na risasi, pamoja, kama pacha.

Mnajua ilikuwa nini? Spika. Spika yangu nzuri ya Bluetooth, niliyojivunia, ilikuwa inachelewesha kila kitu, labda robo sekunde. Ukitazama filamu huoni, kwa sababu kichezeshi cha video kinajua na kinaisubiri. Gemu halisubiri. Wine ilikuwa inafanya kazi yake vizuri wiki zote mbili, nami nilikuwa namtukana mkalimani kumbe kiziwi ni msikilizaji.

Yale malalamiko nilikuwa sijayatuma. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Kuna mengine nitayapita haraka. Nyimbo za shangazi zilitoka kwenye iPhone, ziko kwa aina ya faili inayoitwa M4A, gemu likazikataa. Nikazigeuza zote kuwa MP3 kwa programu ya ffmpeg wakati chai inachemka. Mkitafuta folda ya muziki ndani ya gemu, nyumba yenu iko kwenye diski inayoitwa Z, na alama za mkwaju zimeinama upande mwingine. Na magemu yanayolindwa dhidi ya udanganyifu kwa programu inayojichimbia mpaka ndani ya kiini cha Windows, mengine hayaendi na hayataenda mpaka wenyewe waamue. Hapo mkalimani hana la kufanya, mwenye mlango amekataa wageni. Msipoteze wikiendi.

Ila hili la Z nisilipite haraka sana. Z ni kompyuta yako nzima. Kila unachoweza kukifungua wewe, programu ya Windows iliyo ndani ya Wine inaweza kukifungua. Naona vijana mnapeana magemu kwenye flashi, yamevunjwa kufuli na mtu asiyejulikana, mnasema "haina shida, niko Linux." Ina shida! Virusi vya Windows vinavyofunga faili za watu ili walipe, Wine ikivitafsiri vizuri, vitafunga na za kwako. Mkalimani mwaminifu anatafsiri hata maneno ya jambazi. Wine haikuandikwa iwe jela, na wenyewe hawajawahi kusema ni jela.

Na jambo moja la kuwaomba. Mkifanikiwa kuliendesha gemu, andikeni. Kwenye hifadhidata ya programu ya Wine wenyewe kuna madaraja, kuanzia platinamu mpaka takataka, na kwenye tovuti ya ProtonDB mnaeleza mlifanyaje. Mimi zile wiki mbili zangu zingekuwa dakika kumi kama mtu mmoja, popote duniani, angeandika sentensi moja: "angalia kama spika yako ni ya Bluetooth." Nimeshaiandika sasa. Andikeni hata mlivyoaibika. Na andikeni kadi ya picha ni ipi na toleo ni lipi, siyo "inapiga kazi fresh" halafu basi. Kazi fresh kwenye mashine gani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Najua, najua. Tunaingia kwenye maonyesho.

Kompyuta ni hii, mnaiona, ya zamani, kibodi yake haina herufi ya Q. Mint imo, gemu limo, na spika leo ni za waya, msiniangalie hivyo. Nilikuwa nimepanga niwachezee sebene ili muondoke mmefurahi. Lakini asubuhi nimepata mgeni ambaye hakualikwa, yuko mstari wa pili, kitenge cha kijani. Amekuja na flashi yake mwenyewe. Shangazi, karibu mbele. Nimemuuliza kama naweza kuruka utangulizi, maana dakika tatu mbele ya adui na vijiti vya kiberiti ni nyingi, na ukumbi umejaa. Amesema hapana, hakuna kuruka, mimi nikimbie tu mpaka mwimbaji afike.

Naomba wa nyuma pale, mzee wangu, utusamehe na joto hili. Mtu azime feni, tuisikie qanuni.